Friji Langu na Pole ya Jirani

Mama,
Shikamoo yangu ikufikie Tanga ikiwa na joto, maana asubuhi za huku Machakos ni baridi kweli. Juzi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza friji langu jipya lenye insulini yangu. Waranti haihusu ajali za umeme, kwa hiyo fundi wa duka alipokuja kulikagua nilimwambia limezima tu lenyewe. Kalamu yake tayari iko kwenye fomu ya kunibadilishia friji, jirani yangu Mama Mwende akaingia kunipa pole.

“Woi! Hiyo umeme imechoma hata TV yetu!”

Fundi akakunja fomu bila kuitia sahihi.

Friji la Mama Mwende lilipona. Sasa insulini yangu inakaa humo, na kila asubuhi akinifungulia mlango, asante inanikwama kooni. Niombee niitoe, mama.

Mwanao,
Zuhura