Thumni ya Mama

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nyumba imepata mnunuzi. Ami Shee ametuambia amesimama mlangoni, hata kukaa hakutaka — tajiri mmoja anataka kuifanya hoteli, nasi tuhame mwisho wa mwezi. Mama akamjibu haya, inshallah. Haya! Tangu baba afe anasema haya. Nilikuwa darasa la tatu Ami alipofungua kitabu chake cha mirathi mbele ya jamaa, akasema nyumba ya nduguye imemrudia yeye. Mke na binti wana haki ya kukaa tu. Nani angembishia? Mtaa mzima wa Kibokoni yeye ndiye aliyekuwa akiwagawia mirathi. Na kitabu chenyewe cha Kiarabu.

Jumatano, 14 Mei

Ofisini, Kilindini. Karisa, mwenzangu wa kazi, amefiwa na babake. Leo wakati wa chakula alikuwa akigawa urithi kwenye simu. Simu! Unaandika nani kafa na kaacha nani, inakupa mafungu, na aya yake chini, kwa Kiswahili. Nikamwomba nijaribu. Nikaandika ya kwetu, mzaha mzaha. Mke: thumni, fungu moja katika manane. Binti: nusu. Ndugu wa kiume: kinachobaki.

Nusu! Chakula kilinishinda.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia Mama. Alikuwa akipepeta mchele, wala hakuacha. Kumbe anajua. Mwanamke mmoja alimwambia zamani, wakati yuko edani.

"Ningesema kwa kitabu gani?" ameniuliza.

Na mimi, niliyesoma hadi chuo, kila Idi nambusu Ami mkono. Nimeudhika hadi kichwa kinauma.

Ijumaa, 16 Mei

Ami amekuja baada ya sala kula pilau, kama kawaida yake. Kana kwamba hatufukuzi! Kula kwenyewe ni kulalamika. Macho yameingia ukungu, kitabu hakioni. Watu nao hawamjii tena, wote wamehamia kwenye simu. Kisha — nilidhani sikusikia vizuri — akanipa simu yake nimwekee hicho chombo cha kugawia mirathi, niwe namsomea, yeye awajibu watu.

Nikamwekea.

"Jaribu mfano wowote, mwanangu."

Nikaandika. Nikamsomea polepole: amekufa mume, ameacha mke, binti mmoja, ndugu mmoja wa kiume. Mke thumni. Binti nusu. Ndugu, kinachobaki.

Tonge likabaki mkononi. Akasema huenda nimekosea kuandika. Nikamwambia sikukosea, Ami. Akataka anawe, aende zake.

Mama alikuwa ameshafika na birika la kunawia. Alisimama pale pale mlangoni.

"Msomee tena," akasema.

Nimemsomea tena. Nimeingia chumbani kuandika haya. Nikichungulia namwona Ami bado yuko mkekani, mkono una mafuta ya pilau, na Mama hajammiminia maji.