Beki Wetu Mpya

Bondeni, Nakuru.

Kaka yangu mpendwa Jalal,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ilwad pamoja na watoto. Mguu je? Baridi ya Julai imetushika kweli huku, na kila asubuhi nikivaa sweta huviwaza vile vyuma ulivyotiwa mguuni, na upepo wa huko Olkaria. Mama ni mzima, presha imeshuka, na bado anawachemshia wachezaji chai kila mechi kama enzi zako. Najua unashangaa kupata barua ilhali simu ipo. Sababu utaiona mbele.

Habari za timu utakuwa umezisikia. Ligi tuliimaliza kwa kuponea chupuchupu. Beki wetu Kihara alikwenda Doha kulinda mageti ya matajiri, akaliacha lango letu wazi. Akabaki Naftaly peke yake pale katikati, na Naftaly amenenepa hata kugeuka kwake ni safari. Mwenyekiti wetu, Mzee Dualeh, ametuambia waziwazi kwamba tukishuka daraja hataibeba timu tena. Ikivunjika, wachezaji hawa wa Bondeni na Kaptembwo najua watakuwa kwenye vijiwe gani jioni, na wewe pia unajua.

Basi tukaketi kushauriana kabla dirisha la usajili halijafungwa. Mzee Dualeh alitaka tumtoe Adongo, mshambuliaji wetu, kwa timu moja ya Naivasha, nao watupe mabeki wawili. Nilikwenda kuwatazama. Mmoja ana mbio, lakini hutazama mpira akamsahau mtu. Wa pili hubishana na refa mpaka bao linaingia. Nilimwambia Mzee kwamba kumtoa Adongo kwa hao ni kuuza jiko ili ununue sufuria. Alicheka, kisha akaniuliza basi mimi nina nani. Nikamtajia mmoja wa kikosi chetu cha chini, mrefu, kwao Subukia. Mpira wa kona ukija, kichwa chake hakina mpinzani, ungempenda. Lakini mahindi yakikomaa baba yake humwita shambani, na simu inazimwa hadi gunia la mwisho liingie stoo. Beki wa kupotea wakati wa mavuno ni wa nini?

Ukweli, kaka, kila niliyemtazama nilimpima kwako. Tangu uvunjwe mguu hatujapata mtu wa kusimama pale katikati washambuliaji wakamwogopa. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Sikutaka beki mzuri tu, nilitaka wa kuogopwa.

Alibaki mtu mmoja. Timu yake ilikuwa imemwacha, na nikasikia yuko Kaptembwo anabeba zege kwenye mijengo. Nilimkuta saa ya chakula, amekalia tofali anakula maharagwe. Aliponiona aliweka sahani chini akasimama. Akaniuliza, “Coach, si unajua ni mimi nilivunja Jalal?” Nikamwambia najua.

Ndiyo, kaka. Ni Ngigi. Ulipokuwa hospitalini ulituomba jina hilo lisitajwe nyumbani, na miaka yote hii halikutajwa. Leo nimeliandika kwa mkono wangu. Nilimsajili, nikampa jezi yako, namba nne. Nilijiambia ndiyo pekee iliyomtosha.

Tafadhali usiichane barua, kwa sababu hilo bado silo lililonifanya nikuandikie.

Juzi tulicheza mechi ya kirafiki palepale Kaptembwo. Nilidhani nimeleta simba. Kumbe kila winga wao alipomjia, Ngigi alirudisha mguu, na mabao mawili yakapita upande wake. Wakati wa mapumziko nilimuuliza kulikoni. Akanieleza kwamba tangu siku yako hawezi tena, kwamba akitaka kumwingia mtu, mguu unakataa wenyewe, na kwamba timu yake ilimwacha kwa hilo. Mtu mwenye utu angemhurumia. Mimi nilikasirika, nikaona nimedanganywa. Kipindi cha pili winga yuleyule alipomjia, nilipaza sauti uwanja mzima ukanisikia: “Ngigi, mpige vile ulipiga Jalal!”

Akampiga.

Winga alianguka, mpira ukabaki kwetu. Alhamdulillahi, mguu haukuvunjika, lakini alitoka akichechemea, ameshikwa mabegani. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kusogelea lango letu, na Adongo akafunga mara tatu. Watu walipiga makofi zaidi kwa lile pigo kuliko kwa mabao. Mimi pia nilipiga. Niligeuka nikicheka, nikamwona Mama amesimama nyuma yangu na chupa ya chai. Aliiweka chini kwenye nyasi akaenda zake.

Mechi ilipokwisha Ngigi alikaa chini ya mlingoti wa goli anafungua njumu huku machozi yanamtoka. Aliniuliza kama hicho ndicho nilichomtafutia kule mjengoni. Nilimjibu ndiyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nyumbani Mama hakunigombeza. Picha yako ya jezi ameitoa sebuleni ameipeleka chumbani kwake. Aliniambia neno moja tu, kwamba nikuandikie kwa mkono, nisikupigie simu, maana kwenye simu ukinyamaza nitapata njia ya kukata maneno.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya dirisha. Nilikwenda kwa Mzee Dualeh nikiwa nimeazimia kuliondoa jina la Ngigi. Nilikaa, nikanywa chai, tukazungumzia ratiba, nikaondoka bila kuliondoa. Naye Ngigi hakukataa, ana watoto, na zege limemchosha mgongo. Jumamosi tunaanza ligi na yeye atakuwa katikati. Nadhani hatutashuka.

Sikuombi msamaha, kaka, kwa kuwa anayeomba msamaha huacha, na mimi sijaacha. Nimetaka tu ulijue linalonikosesha raha. Miaka yote hii nimemlaani mtu yule pamoja nawe. Sasa najua kwamba siku ile, kama yeye angekuwa wa kwetu na wewe ungekuwa wa kwao, ningepiga makofi.

Nisalimie shemeji na uwabusu watoto. Ukija kwa Maulidi, fika nyumbani ukae na Mama kwa nafasi. Mimi nitakula kwa Mzee Dualeh mpaka utakaponiita. Usiponiita, nitaelewa. Wiki hii Mama hakufua jezi. Nimezifua mwenyewe, na yako iko hapa mbele yangu kwenye kamba, bado inachuruzika maji.

Wasalaam,
mdogo wako,
Hafiz