Mapazia ya Wodi Mpya

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, na kabla hujauliza, sote tu wazima, tunakula, na Baba aliyekuwa hapati usingizi sasa anakoroma mpaka majirani wanajua. Wewe hujambo? Na wifi yangu, kifua chake kimepona au bado anakohoa na kusingizia vumbi? Huku kwetu baridi imekwisha. Mablanketi mazito tumeyaanika juani, ukuta wa mbele tumeupaka rangi upya, na ule mti wa jirani tuliodhani umekufa umechipua hadi matawi yanaingia dirishani bila hodi.

Barua yako niliipata, na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema chumba umeshakiandaa, mwisho wa mwezi unakuja na gari kumchukua Mama akae kwako, karibu na hospitali kubwa. Baba ahamie kwangu, na nyumba tuipangishe. Mpango umepangika, siwezi kukunyima hilo, wewe tangu utotoni hata michezo yako ilikuwa na ratiba. Unataka nikujibu ndiyo au hapana. Nitakujibu, lakini vuta kiti kwanza, kwa sababu nyumba unayoizungumzia ni ile uliyoiacha wakati wa baridi, nayo haipo tena.

Unakumbuka ulivyotuacha. Mama ndiyo kwanza ametoka hospitali, kiharusi kimempinda mdomo, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Fundi aliyewavisha nusu ya mtaa hawezi kufunga kifungo chake mwenyewe. Na Baba, tangu astaafishwe karakana ya mabasi, alikuwa amehamia kwenye kile kiti cha karibu na redio. Ukimwamkia asubuhi, anaitikia taarifa ya habari ikiisha. Ulisema wakiachwa peke yao watazimika pamoja.

Basi ikazuka ile kazi ya mapazia. Mama alikuwa ameipokea kabla hajaugua, mapazia ya wodi mpya ya zahanati. Muuguzi mkuu alikuja kwa adabu zake zote kuchukua kitambaa, akasema asijisumbue mgonjwa, watatafuta fundi mwingine. Mama akageukia ukutani. Hapo Baba, ambaye hata hatukujua kama anasikiliza, alizima redio na kusema kitambaa hakitoki humu ndani. Muuguzi akauliza nani atashona. Baba akamjibu kwamba mashine zote ni ndugu, na yeye amezifufua kubwa kuliko hiyo. Muuguzi akaniangalia mimi, mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kaka, ungemwona! Kwanza aliifungua cherehani yote, akaitandaza juu ya gazeti, akaisugua kipande kwa kipande na kuitia mafuta. Kisha akaenda zahanati na futi yake ya chuma, akapima madirisha kama anapima injini. Akarudi, akakata. Na alikata sawasawa na dirisha, hakuzidisha hata unywele. Chuma hakina upindo, kaka. Maisha yake yote Baba amekata bati kwa kipimo na bati likakaa mahali pake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitambaa huachiwa ziada ya kukunja, tena kina tabia ya kurudi kikifuliwa. Alivipanga vipande vyake vizuri akampelekea Mama, kifua mbele.

Mama akatazama kipande cha kwanza, akatazama cha pili, akaanza kucheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, machozi yakamtoka macho yote mawili. Tangu augue hatukuwa tumemsikia akicheka. Baba amesimama na mkasi wake anauliza kulikoni, na Mama, kwa ule ulimi mzito, akamwambia kwamba ameyakatia madirisha kaptula.

Toka siku hiyo shule ikafunguliwa. Mama kitini na mkongojo wake wa kuonyeshea, Baba kwenye cherehani na miwani puani. Fahari wawili katika zizi moja, wewe wajua. Mama anasema polepole, Baba anasema mashine haikuumbwa itembee. Mama anaamuru mshono ufumuliwe, na Baba anaufumua. Yule mzee aliyekuwa akifokea karakana nzima! Ananung'unika, lakini anafumua. Na kwa kuwa hakubali jambo bila kuelezwa sababu yake, Mama hana budi kueleza, na kwa kueleza ulimi umelainika. Dada wa mazoezi ya viungo alishangaa akauliza tunampa dawa gani. Nilimwambia ugomvi, asubuhi na jioni.

Mapazia waliyaokoa kwa kuyaungia kitambaa cha buluu chini. Muuguzi mkuu akasema yanafanana na watu waliosimama majini, lakini aliyatundika, na baadaye akaleta kazi ya wodi ya pili. Sasa watu wanaleta suruali za kupunguza na mashati ya kutia vifungo. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nami nilidhani ni maneno ya kufariji wafiwa tu. Baba anaosha vyombo. Baba anakaanga mayai, na hayaungui yote. Kila asubuhi anamchana Mama nywele, na njia anayompasua kichwani imenyooka kuliko aliyowahi kunipasua mimi mama yeyote wa saluni. Nampenda Baba tangu nizaliwe, lakini kumvulia kofia nimeanza mwaka huu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ningelia.

Juzi mchana nilitoka duka la dawa nikapitia nyumbani kumpelekea Mama vidonge. Niliingia kwa mlango wa jikoni. Baba alikuwa ametoka kununua uzi. Mama alikuwa peke yake mezani, na shati la mteja mbele yake, anatia vifungo kwa mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vikitetemeka, lakini sindano ilizama na kutokea pale pale ilipotakiwa. Nilibaki mlangoni na mkono mdomoni. Mara geti likalia. Mama akalirudisha shati mahali lilipokuwa limeachwa, akaulaza mkono pajani, akafumba macho.

Baba alipokwenda uani, Mama alinivuta kwa mkono huo huo, na alinifinya, kaka, bado anajua kufinya. Akanambia mkono umeamka siku nyingi, Baba huwa hahesabu vifungo alivyobakiza, na nikifungua mdomo tutakosana. Alisema siku atakayokaa yeye kwenye cherehani, yule mwanamume atarudi kwenye redio, na safari hii hatatoka tena. Akasema afadhali ulale mkono kuliko kulala mume.

Nikaondoka na siri hiyo. Baba akanisindikiza hadi getini kama kawaida yake, na kumbe naye alikuwa na lake. Alitazama nyuma, akashusha sauti, akaniomba nisimwambie Mama, lakini anajua kila kitu. Alijua tangu alipokuta kifungo kimefungwa kwa fundo ambalo yeye mpaka leo limemshinda. Yule dada wa mazoezi alimwambia mkono hurudi kwa kazi, na Baba anamjua mkewe, akitazamwa akashindwa, hatajaribu tena. Kwa hiyo kila siku anaacha kitu hakijaisha, vifungo viwili vitatu au ncha ya upindo, halafu anatoka kwenda kununua uzi. Uzi umejaa droo, kaka. Anauzunguka mtaa, anasimama hapa na pale kusalimia watu asiowajua vizuri, mpaka akadiri kwamba Mama amechoka, ndipo anarudi na kulitikisa geti kwa nguvu ili asikike.

Uliniuliza ndiyo au hapana. Najua chumba umekipaka rangi mwenyewe, na najua ni upendo. Lakini ukimchukua Mama, huko kwako nani atamwachia vifungo? Na Baba akija kwangu, nani atajifanya hawezi kwa ajili yake? Mimi siwezi. Wewe huwezi. Jibu langu ni hapana.

Mwisho wa mwezi njoo kama ulivyopanga. Gari la kuhamishia vitu liache. Lete suruali zako zilizopasuka, za mifukoni na za magotini, lete zote. Mpe Baba mkononi, na ukimwona Mama amelaza mkono wake pajani, mpe pole.

Wapwa zako wanauliza mjomba ataleta nini, na shemeji yako anasema hata ukija mikono mitupu utapata chai. Mbusu wifi kwa niaba yangu, na mwambie anywe dawa ile.

Ni mimi mdogo wako,
Kichwa Ngumu