Almasi Uliyoipiga Nyundo

Mjomba wangu wa Mundika,

Jumamosi tulikuzika, na watu wakakusifu kwa saa mbili na dakika ishirini. Nilihesabu. Hakuna aliyetaja almasi yangu, basi nitaitaja mimi.

Unaukumbuka mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa Uganda wakapita Malaba na masanduku yao? Mzee mmoja, fundi wa vioo kutoka Tororo, aliniuzia kalamu yake ya kukatia: mpini wa mti, kichwa cha shaba, na kwenye ncha punje ya almasi ndogo kama ufuta. Wakati huo nilikuwa nakata vioo vya fremu za picha pale sokoni Busia kwa kigurudumu cha chuma, na katika kila vinne navunja kimoja. Kwa kalamu ile nilikata arobaini, hakikuvunjika hata kimoja! Nikaja mbio kukuonyesha, maana wewe mfua chuma ndiye fundi niliyemheshimu.

Ukaigeuza mkononi. "Almasi? Wewe?"

"Ndiyo, mjomba. Chukua tupa, jaribu kuikwaruza."

"Tupa ya nini? Almasi ni ngumu, haivunjiki. Hata mtoto anajua." Ukaisimamisha kwenye fuawe, ncha chini, ukainua nyundo.

"Mjomba, usipige!"

Ulipiga. Punje ikawa vumbi na vipande.

"Chupa!" ukapaza sauti, na wateja wako wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Binti wa dada yangu amenunua chupa ya soda!"

Tangu siku hiyo kila kitu bandia sokoni kikawa "almasi ya Mundika". Soksi ikitoboka, almasi ya Mundika. Betri ikifa, almasi ya Mundika. Na shule ya Amagoro iliyokuwa imeniahidi kazi ya madirisha ikampa mtu mwingine, kwa sababu ulimwambia mwalimu mkuu kwa mdomo wako kwamba nadanganya watu. Kalamu ningepata nyingine. Jina ningelipata wapi?

Kosa lako lilikuwa katika neno moja, mjomba. Sisi tunasema ugali ni mgumu, kazi ni ngumu, kichwa chako kigumu, yote neno hilo hilo. Mwalimu wa sayansi wa shule ile ile alikuja baadaye kuweka picha ya harusi kwenye fremu, nikamuuliza. Akaokota njiti za kiberiti na vidonge vya udongo, akanijengea almasi juu ya meza yangu. Kila chembe ya kaboni imeshika wenzake wanne, pande zote, hakuna anayeteleza. Makaa ya penseli ni kaboni hiyo hiyo, ila kila chembe imeshika watatu tu, tena kwa matabaka yanayoteleza, ndiyo maana yanabaki kwenye karatasi. Kwa kipimo cha kukwaruzika, cha moja hadi kumi, kioo kina tano na nusu, tupa yako sita na nusu, almasi kumi. Na kutoka tisa kwenda kumi ni mbali kuliko kutoka moja hadi tisa!

"Lakini ina njia zake za kupasukia," akasema, "kama kuni. Ukigonga hapo, inaachana."

Kumbe kuna ngumu ya kutokwaruzika na ngumu ya kutopasuka. Nilikuambia uchukue tupa.

Nilikuja kukueleza. Ukanijibu, "Mama, vitabu haviwashi moto," ukarudi kwenye mivukuto yako.

Jumamosi, wengine wakila, niliingia bandani kwako nikapapasa fuawe. Pale katikati kuna kishimo, ncha ya sindano inaingia. Chupa gani inachimba fuawe, mjomba? Miaka mitano umefua chuma juu ya kishimo hicho. Ulikiona. Ulijua, ukanyamaza, ukaacha soko linicheke!

Siku ile ulipoipiga nyundo, niliokota kipande kimoja kwenye majivu ya tanuri lako, nikakichomelea kwenye kijiti cha shaba. Ijumaa seremala alitaka kioo cha jeneza, cha kukaa juu ya uso wako, inchi kumi kwa nane. Nilikikata kwa kipande hicho. Mistari minne, na hakikupasuka.

Watu wote wa Mundika wamekuaga kupitia almasi yangu. Lala, mjomba. Mimi nimesema.

Mpwa wako, asiyeuza chupa,
binti wa dada yako