Mshiriki wa Kumi na Mbili

Kwako dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wapwa zangu, na kwamba lile goti linalokusumbua kwa kukanyaga cherehani limepata nafuu. Je, bado unalipaka dawa, au umeshaamua kwamba goti lina akili zake na litapona lenyewe? Mimi mwili ni mzima. Kazini bado niko pale pale masijala ya chuo, dirisha la pili, napokea barua, nazipiga muhuri, naziandika kwenye rejista na kuzipeleka kwenye mafaili yake. Kwa upande wa mwili sina la kulalamika.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, sisi ambao tumezoea kutumiana sauti kwenye simu. Nimejaribu mara tatu kurekodi maneno haya na mara zote tatu nimeyafuta. Sauti yangu inatetemeka, na wewe ukinisikia natetemeka utanihurumia kabla hujajua kosa ni lipi. Kwa hiyo naandika. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Nina hasira, dada. Unanijua, mimi si mtu wa hasira; hata jina la Kelele ulinipa kwa utani, kwa kuwa nilikuwa mtoto mpole. Mtu akinikanyaga kwenye foleni, mimi ndiye ninayemwomba radhi. Lakini tangu Alhamisi iliyopita hasira imenikwama kooni kama mwiba wa samaki, haimezeki wala haitemeki.

Unakumbuka nilipokueleza kwamba nimeanza shahada ya uzamivu katika habari za kidijitali, nasoma jioni na Jumamosi baada ya kazi. Ulicheka sana. Ulisema hukujua kwamba mtu anaweza kusomea simu mpaka akaitwa daktari, na kama ni hivyo basi wanao wawili ni maprofesa tayari, wamebakiza kofia tu. Nikakueleza kwa kifupi kwamba nachunguza jinsi familia zilizotenganishwa na kazi zinavyoishi pamoja kwa ujumbe wa sauti. Hiyo ilikuwa kweli. Sikukueleza ni familia zipi.

Nilihitaji familia kumi na mbili. Kumi na moja zilikubali, zikasaini fomu za ridhaa, zikanipa sauti zao. Na tangu siku ile zilipojua kuna mtu atazisikiliza, zikaanza kuzungumza kama wasomaji wa taarifa ya habari. Dereva mmoja wa lori, mtu mcheshi kabisa ukikutana naye, alimtumia mkewe ujumbe akisema kwamba anapenda kumjulisha kuwa amefika salama na kwamba barabara ilikuwa ya kuridhisha. Mkewe akamjibu kuwa amepokea taarifa hiyo kwa furaha. Profesa, yaani msimamizi wangu, alisikiliza huku anachokonoa meno, akaniuliza kama ninaandika tasnifu au natengeneza dawa ya usingizi.

Familia ya kumi na mbili ni sisi. Ni wewe.

Nilikuwa na sauti zako za miaka minne kwenye simu, sikuwahi kufuta hata moja. Siku ile Profesa aliponidhihaki, nikamfungulia moja. Nilijiambia ni mfano tu, ili ajue watu huzungumzaje wasipokuwa na hofu. Ilikuwa ile ya mashati. Cherehani inasikika, kisha inasimama, kisha unaniambia kwamba shemeji hayuko kazini mbali kama mtaa unavyoamini, yuko kwa mwanamke mwingine, vituo viwili vya basi kutoka mlangoni kwako. Na kwamba kila Jumamosi unafua mashati yake mawili aliyoyaacha, yale yale ambayo hayajavaliwa na mtu, unayaanika kwenye kamba ya mbele ili majirani waone kwamba nyumba hii ina mwanamume anayechafua nguo. Ukacheka. Ukasema lile la bluu limeanza kupauka kwa usafi. Halafu hukucheka tena, na cherehani ikaanza upya.

Profesa aliacha meno yake. Akaniomba nirudie. Niliporudia mara ya tatu akasema huyu ndiye, hawa wengine kumi na mmoja ni mapambo. Kuanzia hapo akanivika kilemba cha ukoka ambacho sijawahi kuvikwa maishani: masikio kama yangu ni adimu, mbele ya wenzangu nikawa Daktari Mtarajiwa, na mlango wake ukawa hauna haja ya kubishwa. Alitaka kitu kimoja tu, fomu yako ya ridhaa, kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri, wakati Kamati ya Maadili inapofunga mafaili. Fomu ilipatikana. Nitarudi kwenye fomu.

Nilifuta jina lako, jina la mtaa na majina ya watoto. Nikakuita Mshiriki wa Kumi na Mbili. Nikajiona nimekuficha vizuri, mimi msomi. Kumbe nimekufunika uso nikaacha sauti nje, na sauti yako, dada, mtu aliyewahi kukaa kwako dakika tano akisubiri kupunguziwa suruali hawezi kuisahau.

Sasa nifike Alhamisi. Tulialikwa kwenye maonyesho ya mradi wa Profesa. Nilidhani nitakuta michoro na majedwali, kama kawaida yetu. Nilipoingia ukumbini nikakuta kamba imefungwa ukuta hadi ukuta, na juu yake mashati mawili ya kiume, moja la bluu. Walikuwa wamelipausha kwa dawa. Chini ya kamba kuna spika, na kwenye spika ni wewe. Ukutani pameandikwa "Mashati Kwenye Kamba" kwa herufi kubwa, na jina la Profesa. Langu lilikuwa chini kabisa, baada ya waliotoa viti, lakini sikulilia jina, nakuapia.

Watu walicheka. Ulipofika pale pa kupauka kwa usafi, ukumbi mzima ulicheka, watu wana bilauri mikononi. Bwana mmoja aliyevaa tai nyembamba alimuuliza Profesa wamempata wapi mwigizaji hodari namna hii. Mwenzake akasema hapana, hawa ndio wanawake wetu wenyewe, maskini, wanavyojidanganya. Maskini. Wewe ambaye hujawahi kupokea hata uzi wa mtu bila kurudisha uzi. Na bado nilisimama na sahani ya karatasi mkononi, natabasamu, kwa sababu Profesa alikuwa ananitazama.

Halafu mama mmoja, mtumishi wa ofisi ya elimu, akainamisha kichwa karibu na spika. Akasema sauti hii anaifahamu, kama si ya yule fundi aliyemshonea sare za watoto wake kabla hajahamishiwa huku. Akataka kujua kwangu, kwa kuwa nilisimama karibu. Nikamwambia sijui. Hilo ndilo neno pekee nililolitoa ukumbini jioni ile yote, dada. Sijui.

Profesa akatangaza kwamba kuanzia tarehe mosi ijayo maonyesho hayo yatakuwa kwenye tovuti, na yeyote mwenye simu, popote alipo, atayasikiliza bure. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawaza simu za mtaani kwako, zinavyopita mkono hadi mkono pale kwenye bomba la maji.

Jumatatu nikaenda ofisini kwake. Safari hii nilibisha mlango. Nikamwomba aiondoe sauti yako. Alinisikiliza kwa upole, upole unaokera kuliko matusi. Alisema sauti ni mali ya mradi, na mradi ni mali ya chuo. Alisema Mshiriki wa Kumi na Mbili aliridhia mwenyewe, kifungu cha sita, matumizi ya kufundishia na maonyesho. Nikasema pengine mshiriki hakuelewa. Akasema basi watafiti wangapi wangebaki ikiwa kila mshiriki angeulizwa alichoelewa. Kisha akaivuta fomu kutoka kwenye faili, akaiweka mezani kati yetu, akaniuliza taratibu kama fomu hii ina kasoro yoyote ambayo yeye angepaswa kuifahamu. Akaongeza kwamba anauliza kwa kuwa mimi ni mtu wa masijala, macho yangu ni makali kwa karatasi. Na alikuwa anatabasamu. Anajua. Nadhani amejua tangu siku ile ile.

Nikasema hapana, Profesa, haina kasoro. Akasema vizuri sana, Bwana Karani. Udaktari Mtarajiwa ulikuwa umekwisha.

Basi nirudi kwenye fomu, maana siwezi tena kuizungukazunguka. Ile saini si yako, dada. Niliiweka mimi. Ijumaa ile, saa tisa na nusu, nikiwa nimekaa hapa hapa dirisha la pili, nilichukua kalamu tofauti na yangu nikaandika jina lako kama unavyoliandika kwenye daftari lako la vipimo, herufi ya kwanza ina mkia mrefu unaopita chini ya nyingine zote. Nikageuza karatasi, nikaipiga muhuri, nikaipokea. Nilijipokea mwenyewe. Mimi ambaye huwarudisha watu wazima nyumbani kwa sababu wamesahau tarehe.

Nilikuwa na siku nne za kukupigia. Sikukupigia kwa sababu nilijua utakataa. Huo ndio ukweli, mwingine wote ni mapambo. Nilijiambia nitakueleza baadaye, kwamba ni utafiti tu, watasoma watu watano wenye miwani kisha itafungiwa kabatini. Nimekasirika na Profesa, nimekasirika na yule mwenye tai, nimekasirika na shemeji mpaka nimeota namfukuza na pasi ya makaa. Na wewe pia, nisamehe, nakasirika nawe kwa kumfulia mtu yule. Lakini hasira zote hizo zikishazunguka zinarudi kugonga mlango wangu. Wao walicheka tu. Mimi ndiye niliyewafungulia.

Kanuni za Kamati ninazijua kwa moyo, kwa kuwa ndimi ninayezitoa nakala. Ridhaa ikiwa batili, sauti inaondolewa siku hiyo hiyo, hata mradi uwe wa nani. Na mwanafunzi aliyeghushi saini anafutwa masomoni. Akiwa pia ni mtumishi wa masijala, nadhani huhitaji nikumalizie.

Leo asubuhi niliandika barua kwa Kamati, ukurasa mmoja. Nilieleza nilichofanya, siku na saa. Mkuu wetu, ambaye sote humwita Mama Masijala, alikuwa ametoka kwenda benki. Nikaipiga muhuri, nikaiandika kwenye rejista, namba mia nne na kumi na nane. Kisha nikakaa naitazama, na nitakuambia kweli, mkono wangu ulikwenda mara mbili kwenye lile jani ili nilichane. Akaja tarishi wa maktaba na barua yake, nikaiandika mia nne na kumi na tisa, chini ya yangu, na hapo ikawa haiwezekani tena kuitoa bila pengo kuonekana.

Mama Masijala aliporudi aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani. Akavua miwani. Akasema ningemwambia kabla ya muhuri angenizaba kofi moja, tukayamaliza mimi na yeye hapa hapa. Lakini karatasi ikishapigwa muhuri imezaliwa, akasema, hairudi tumboni. Kisha akaichukua akaipeleka kwa Kamati yeye mwenyewe. Naandika haya wakati wa mapumziko, na sijui kama kesho dirisha hili litakuwa langu.

Sasa nisikilize, dada, hapa ndipo ninapokuhitaji. Barua hii naituma kwa basi la leo jioni ili ikufikie kabla yao, maana watakupigia simu. Mtu mwenye adabu atajitambulisha, atakutajia jina langu, na atakuuliza kama uliisaini fomu ya ridhaa. Nakujua. Utasikia tu jina langu na neno kamati, na kabla hajamaliza utakuwa umeshasema ndiyo, nilisaini, mdogo wangu hana kosa, kwani kuna nini. Ulimwambia hivyo mwalimu mkuu kuhusu kioo cha dirisha, ulimwambia hivyo baba kuhusu redio. Utaapa juu ya kitu ambacho hujakiona.

Ukisema ndiyo, nitabaki na kazi yangu, nitabaki na masomo yangu, na tarehe mosi mtaa mzima utasikiliza mashati. Profesa analitegemea hilo, nina hakika. Anajua dada ni mtu wa namna gani. Amekusikiliza mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Usinitetee. Sema hukusaini. Sema hukuwahi kuiona hiyo fomu. Akikuuliza kama una lolote la kuongeza, mwambie huna, ukate simu. Baada ya hapo nitukane utakavyo na kwa muda utakaotaka, nitasikiliza bila kukatiza, na nikimaliza kusikiliza nitafuta. Sitahifadhi tena.

Wasalimie wapwa zangu, waambie mjomba anawakumbuka. Msalimie na jirani yako wa mlango wa kulia, bila kumpa habari. Lipumzishe hilo goti. Mimi nipo, nasubiri, simu yangu ina chaji na haiko kimya.

Ni mimi mdogo wako asiyestahili kukuomba kitu, na ambaye hata hivyo amekuomba,

Kelele