Hakuna Anayegusa Amplifaya Yake

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana siku hizi nikifumba macho namwona shemeji yangu na nikiyafumbua namwona yeye yule, na huyo ni kaka wa mke wangu, si mtu wa kumkwepa njiani. Mimi napiga gitaa la rithimu katika bendi ya familia, yeye anapiga solo, mke wangu ndiye mwimbaji, na bendi yenyewe aliianzisha marehemu baba mkwe, ambaye alikuwa fundi redio na mtu wa masharti, na sharti lake kubwa lilikuwa moja tu: hakuna anayegusa amplifaya yake mwenyewe.

Nikueleze vizuri, maana wengi hucheka. Magitaa mawili yakitoa sauti za aina moja yanakanyagana, kila moja peke yake ni tamu lakini pamoja ni vurugu, kwa hiyo mmoja ashike za chini, mwingine ashike za juu, na pale katikati paachwe wazi kwa ajili ya mwimbaji. Sasa mzee alikuwa akisema mwamba ngoma huvutia kwake, basi mimi nilikuwa nazungusha vitufe vya amplifaya ya shemeji, yeye anazungusha vya kwangu, huku mke wangu amesimama kati yetu anaimba bila maikrofoni, na mzee yuko mlangoni, akishayasikia maneno ya wimbo anasema hapohapo, msiguse tena. Tulipendwa sana kwa ajili ya hilo, ingawa watu hawakujua wanapenda nini.

Mzee alipofariki, hata machozi hayajakauka, shemeji akaja mazoezini na amplifaya kubwa kama kabati la nguo, akaiweka upande wake akasema hii haiguswi na mtu, vyombo vya kisasa havitaki mikono mingi. Mimi nikanyamaza kwa heshima ya dada yake. Akazijaza zile sauti za katikati zote, gitaa langu likamezwa, watu wanaona vidole vyangu vinakwenda lakini hawasikii kitu, nikawa kama mtu anayejikuna tumbo mbele ya wageni. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikapandisha ya kwangu kidogo, naye akapandisha yake, nikajibu, akajibu, na hivyo ndivyo tulivyoishi tangu hapo.

Mke wangu akaanza kurudi nyumbani sauti imekauka. Daktari akamkuta na vinundu kooni, akamwamuru anyamaze kabisa kwa wiki kadhaa, ikawa nyumba ya ishara, akitaka chumvi ananyoosha kidole. Nilimwambia shemeji aone alichomfanyia dada yake, naye bila haya akanigeuzia maneno yaleyale, kwamba nione nilichomfanyia mke wangu.

Na kabla ya hayo tulikuwa tumepiga kwenye harusi moja, tukafunga na wimbo ambao mke wangu ameutunga mwenyewe, watu wakacheza vizuri, halafu bibi mzaa mama wa bwana harusi akaniita pembeni akaniuliza wimbo ule wa mwisho ulikuwa unasemaje. Nikamjibu ni wa mapenzi, kwa sababu nyimbo nyingi ni za mapenzi, kumbe mimi mwenyewe sijui, najua tu pale pa kubadilisha vidole. Fikiria aibu niliyoipata kwa sababu ya kabati la shemeji.

Sasa sauti imerudi, na mke wangu anasema kwenye bendi harudi. Ameelewana kuimba na mwalimu mmoja mstaafu anayepiga kinanda hotelini, polepole mpaka unasikia vijiko vya wateja. Nilimuuliza anawezaje kuitupa bendi ya baba yake, akanijibu, "Siwezi kuimba mahali ambapo hata ninyi hamnisikii." Nimepata amplifaya inayoizidi ya shemeji. Je, niichukue ili ashike adabu na mambo yawe sawa? Na huko hotelini nimkatazeje mke wangu bila ugomvi?

Ni mimi, Mpiga Rithimu Asiyesikika.

JIBU

Asiyesikika, pole. Naitanguliza pole kwa sababu huko mbele haitapata nafasi.

Shemeji yako amekosa, tena sana, sharti la baba yake amelivunja kaburi likiwa bado bichi. Lakini hakuniandikia yeye. Umeniandikia wewe, na wewe uliyefundishwa na mzee miaka yote ukajifanya hujui kitakachotokea. Unasema ulinyamaza kwa heshima ya dada yake. Heshima gani hiyo, ndugu yangu? Ulinyamaza pale ulipotakiwa kusema, ukapandisha pale ulipotakiwa kushusha. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe zimetoka kwa daktari, nawe unakuja kwangu kuulizia pembe ndefu zaidi.

Amplifaya hiyo usiichukue. Na mke humkatazi, sitaki hata kulirudia swali.

Kuna jambo katika barua yako limenikera kuliko kabati la shemeji. Bibi wa watu, na masikio yake ya uzeeni, katikati ya makelele yenu, alitaka kujua wimbo unasema nini. Wewe unalala na aliyeutunga. Wiki zote zile za kimya nyumbani kwenu hapakuwa na amplifaya hata moja, kalamu zilikuwepo, na hukumuuliza. Hilo nalo ni kosa la shemeji?

Fanya hivi. Nenda kwa shemeji yako mchana, bila gitaa, na usianze na lawama. Mwambie, "Njoo uzungushe ya kwangu." Akikubali, nawe zungusha yake, na pale katikati mpaache wazi hata kama hakuna wa kusimama. Akikataa, chomoa waya wako urudi nyumbani, kwa sababu bendi hiyo imekwisha, na bora izikwe na watu wanaoheshimiana. Mkeo usimwombe arudi. Sidhani kama atarudi, na kama ningekuwa yeye nisingerudi.

Siku atakayoimba hotelini, vaa vizuri, kaa meza ya nyuma kama mteja mwingine yeyote, mikono yako iweke mapajani. Usikilize wimbo ule mpaka mwisho, neno kwa neno, hata kama mengine yatakuchoma. Kisha mtafute yule bibi ukamjibu.