Brussels Hadi Oslo, Saa Mbili

Jumanne, Merrylands, huku kusini kabisa mwa dunia. Mvua ya baridi tangu alfajiri, na mimi nina hasira tangu Jumapili.

Ijumaa dada yetu Neema atafanyiwa upasuaji wa moyo huko Oslo. Ni mjane, hana mtoto. Hospitali imeuliza ni nani wa familia atakayekuwepo akizinduka. Mimi, mkubwa wao, nina damu iliyoganda mguuni. Daktari amenikataza kupanda ndege. Amebaki Bahati, mdogo wetu, anayeishi Brussels.

Bahati anasema Oslo ni mbali.

Mbali! Mjukuu wangu aliangalia kwenye simu, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: kilomita elfu moja na mia hivi, saa mbili angani. Bahati huyu huyu alitembea siku sita kwa miguu, gunia kichwani, tukiikimbia vita. Sikumsikia akitaja umbali.

Jumapili tuliitisha kikao cha familia kwenye WhatsApp. Sala ya kufungua, salamu za kila tawi la ukoo, sala ya kufunga. Saa tatu za kujadili safari ya saa mbili! Nakiri kwamba karibu saa nzima nilizungumza mimi.

Tuliamua nini? Kumwombea Neema.

Leo jioni, kwao asubuhi, nikampigia Bahati peke yake.

"Kaka, kazi ni nyingi huku. Na ile baridi ya Oslo..."

"Kwani wewe ndizi, uungue kwa baridi? Miaka yote hiyo Brussels ulikuwa unaota jua?"

Hakucheka. Akasema polepole: "Kaka, si wewe ulinikataza? Kwenye matanga ya mama ulisema nisikanyage mlango wa Neema mpaka wewe mwenyewe useme. Hujasema."

Nilikuwa nimesahau.

Siku ile Bahati alimtukana Neema mbele ya waombolezaji, kwa ajili ya nyumba ya mama. Nikatamka katazo. Kwetu, neno la mkubwa aliyeachiwa nafasi ya baba halichakai; huondolewa na mdomo ule ule uliolitoa. Neema alishamsamehe zamani. Bahati ametii miaka tisa, na Jumapili akasingizia umbali ili nisiaibike mbele ya watoto wetu.

Na mimi nikamjibuje? "Mdomo wako ni wa kula tu? Ulishindwa kunikumbusha?" Nikakata simu.

Nimekaa hapa, simu mkononi. Namkasirikia kwa kunyamaza. Najikasirikia zaidi: ni rahisi kiasi gani kufunga njia ya watu, kisha ukaenda zako kuwa mzee mwenye heshima!

Na nilikata simu bila kuliondoa lile katazo.

Kiburi kinaniambia nisubiri mdogo apige kwanza. Ijumaa haisubiri. Nampigia sasa hivi, kabla hajaingia kazini, hasira ingali kifuani, nimwambie: nenda kwa dada yako.